Sungura Aliyevuka Zambezi: Oluoch Kanindo na Historia ya Santuri za Ukanda wa Ziwa

Nchini Zimbabwe upo muziki wa dansi unaoitwa sungura. Magitaa yake hukimbizana, besi huzungumza kama mwimbaji wa pili, na ngoma hazipumziki. John Chibadura, Leonard Dembo na Simon Chimbetu waliufanya kuwa muziki wa taifa, na hadi leo Alick Macheso huujazia watu ukumbini. Jina la muziki huo si la Kishona wala la Kindebele. Ni Kiswahili, na liliingia huko likiwa limechapishwa kwenye karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati ya santuri. Lebo ya Sungura ilikuwa mali ya Mkenya, Phares Oluoch Kanindo, mtu wa ukanda wa Ziwa Victoria. Wapenzi wa muziki wa kusini walikuwa pia na jina la pili la mtindo huo: waliuita kanindo.

Kanindo hakujulikana kwa sauti yake wala kwa gitaa. Alikuwa mtayarishaji, mtu aliyemchagua mwimbaji, akamlipia studio, akaipeleka santuri sokoni na kubeba hasara pale wimbo ulipokataa kuuzika. Historia ya benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo wa ukanda huo, imesimuliwa mara nyingi kama historia ya wapiga magitaa, na wapiga magitaa hao wanastahili kila sifa waliyopewa. Lakini bila watu wa aina ya Kanindo, nyimbo zao zingeishia kwenye harusi na matanga ya vijiji walikozaliwa. Makala haya yanafuata njia ya santuri za ziwa, kutoka Kisumu na vijiji vya ufuoni hadi kusini mwa Afrika. Yanajibu pia swali linaloambatana na njia hiyo: kwa nini Kinshasa ilipata mtu mmoja aliyekuwa mpuliza saksafoni na mtayarishaji kwa pamoja, ilhali kwetu kazi hizo mbili zilikaa mikononi mwa watu tofauti?

Nyuzi nane na pete ya chuma

Chimbuko la muziki huu ni nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, ala ikiwa mbele yake karibu na ardhi. Vidole vya mikono yote miwili hudonoa nyuzi. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo hugonga ukingo wa ala na kushika mapigo. Mguuni amefunga gara, njuga zinazoitika kila anapotikisa mguu. Kwa namna hiyo mtu mmoja huwa bendi nzima: nyuzi nzito zinatembeza besi, nyuzi nyembamba zinaifuata sauti yake, na mguu ndio ngoma. Kando ya nyatiti palikuwa na orutu, ala ya uzi mmoja inayopigwa kwa upinde, pamoja na ngoma za ohangla. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine zake za kurekodia, alipita magharibi mwa Kenya na kunasa sehemu ya hazina hiyo.

Kisumu ndiyo iliyoukutanisha muziki huo na dunia. Reli kutoka Mombasa ilifika mahali palipoitwa Port Florence mnamo Desemba 1901, na kutoka hapo shehena ikapakiwa melini kuelekea Uganda na Tanganyika. Mji ukawa njia panda. Vijana wa Nyanza walipanda treni kwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na waliporudi likizo walibeba gramafoni na magitaa. Meli nazo ziliunganisha Kisumu na Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell, zikipita karibu na vijiji ambavyo mpaka wa kikoloni ulivigawa bila kuvitenganisha. Ndiyo maana haikuwa ajabu kwamba mmoja wa wafalme wa benga, Daniel Owino Misiani, alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, mwaka 1940, kisha akajenga jina lake lote upande wa Kenya.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi kutoka Burma na kwingineko walileta gitaa la mbao na hamu ya muziki mpya. Katika miaka ya 1950 santuri za Kuba na za Kongo zilisikika madukani na redioni, na mnamo 1959 mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga alifika Nairobi akakaa miezi kadhaa. Edouard Masengo naye alifanya kazi Kenya katika kipindi hichohicho. Vijana wa ziwa waliisikia mitindo hiyo ya vidole, wakaichukua, lakini mikono yao tayari ilikuwa imefundishwa na nyatiti. Walipoanza kupiga gitaa walilidonoa kwa mapigo yao ya nyumbani, noti moja baada ya nyingine, kwa kasi, besi ikijibizana na solo. John Ogara Odondi na kundi lake la Ogara Boys, pamoja na George Ojijo, ni miongoni mwa wanaotajwa kila mara historia ya mwanzo wa mtindo huo inaposimuliwa. Umeme ulipoingia kwenye magitaa katika miaka ya 1960, benga ikasimama kwa miguu yake.

Duka, studio na kiwanda

Ili wimbo wa kijana wa Asembo au Kendu Bay uwe santuri, ulihitaji kupita mikono mitatu. Wa kwanza ulikuwa mkono wa mwenye duka. Biashara ya santuri Afrika Mashariki ilianzia madukani, mengi yakiwa ya Wakenya wenye asili ya India, ambao waliuza gramafoni, sindano na betri, kisha wakagundua kwamba mteja akisikia lugha yake kwenye santuri ataitaka zaidi. African Gramophone Stores ya Nairobi, iliyojulikana kwa herufi zake AGS, ilirekodi wanamuziki wa lugha nyingi, wa Kijaluo wakiwemo. Wa pili ulikuwa wa fundi wa studio. Wa tatu ulikuwa wa kiwanda cha kuchapisha santuri, na viwanda hivyo vilikuwa Nairobi.

Kwa wanamuziki wa ziwa, studio moja ya karibu ilikuwa na umuhimu wa pekee: ile ya A. P. Chandarana mjini Kericho, juu kwenye mashamba ya chai. Hapo walifika Wajaluo kutoka ziwani, Wakipsigis wa eneo lenyewe, Waluhya na Wakisii. Studio moja ya mji mdogo ikawa mahali ambapo wapiga magitaa wa jamii jirani walisikilizana, na ni sababu mojawapo ya benga kuvuka upesi mipaka ya Kijaluo. Kufikia miaka ya 1970 mtindo huo ulikuwa ukiimbwa kwa Kikuyu, Kikamba, Kikalenjin na Kiluhya, kila jamii ikiingiza mapigo na masimulizi yake.

Redio ilikamilisha kazi. Sauti ya Kenya ilikuwa na kituo Kisumu kilichotangaza kwa lugha za eneo hilo, na santuri iliyopigwa asubuhi redioni iliulizwa dukani kabla ya jua kutua. Mwenye baa naye aliinunua ili wateja wasihamie baa ya jirani. Mtayarishaji aliyejua kusoma mzunguko huo, yaani duka, redio na baa, alijua pia ni mwimbaji yupi wa kumpeleka studio wiki inayofuata.

Kazi ya Kanindo

Hapo ndipo Oluoch Kanindo alipoingia. Kampuni yake, POK Music Stores, ilibeba herufi za majina yake matatu, na chini yake alitoa santuri kwa lebo kadhaa: POK yenyewe, Lolwe, Oyundi na Sungura. Lolwe ni jina la ziwa kwa Kijaluo, na aliyeinunua santuri hiyo akiwa kibarua Nairobi au Mombasa alijua imetoka wapi hata kabla ya kuiweka kwenye mashine. Waliopita mikononi mwake ni orodha ya heshima ya benga: D. O. Misiani na Shirati Jazz, wanamuziki wa Victoria Jazz, Kawere Boys na wengine wengi.

Ukitaka kuelewa alichokifanya mtayarishaji, ishike santuri yenyewe, ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika nne hivi. Benga ya ukumbini haikuwa na kipimo hicho. Wimbo mmoja uliweza kwenda nusu saa, mwimbaji akitaja majina ya marafiki na wafadhili, wachezaji wakidai gitaa lirudie. Studio ililazimika kuukata wimbo bila kuuua. Njia iliyopatikana ikawa alama ya benga. Upande wa kwanza mwimbaji anasimulia: mapenzi yaliyovunjika, sifa za rafiki, kilio cha mfiwa, onyo kwa kiongozi. Sauti inafifia. Unaigeuza santuri, na upande wa pili waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linapanda juu kabisa, besi inaongeza mwendo, ngoma inabana, na wimbo unageuka dansi tupu. Msikilizaji alilipia hadithi, akapewa na ukumbi.

Uamuzi wa namna hiyo haufanywi na mpiga gitaa peke yake. Kuna anayesema gitaa lianze wapi, sauti ikome wapi, upande gani upelekwe redioni. Kuna pia anayeamua ni bendi gani irekodi mara ya pili. Ubora wa santuri za benga za miaka ya 1970, ukali wa solo na uwazi wa besi, ni matunda ya wanamuziki na watayarishaji pamoja, na haki inadai tuwataje pamoja.

Lazima pia tutaje upande mchungu wa biashara hiyo. Kwa kawaida bendi zililipwa fedha za mkupuo siku ya kurekodi, kisha wimbo ukawa wa lebo. Mwanamuziki aliyeona wimbo wake ukivuma nchi nzima na mfuko wake ukiwa mtupu alikuwa na njia moja ya haraka: kwenda kwa mtayarishaji mwingine kwa jina jingine. Victoria Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Ochieng' Nelly na Collela Mazee, ni mfano wa wazi. Ilizaa Victoria Kings, kisha Victoria zenye herufi B, C na nyinginezo, na wanamuziki walewale wakasikika chini ya majina tofauti kwenye lebo tofauti. Mkusanyaji wa santuri leo anasumbuka kujua nani alipiga wapi. Mkanganyiko huo ni ushahidi wa jinsi mikataba ilivyokuwa myembamba, na pia wa jinsi wanamuziki walivyopigania riziki yao.

Saksafoni iliyokuwa na kampuni

Wakati Nyanza ikigeuza santuri upande wa pili, mji wa Kinshasa ulikuwa na kijana aliyeunganisha kila kitu mikononi mwake. Georges Kiamuangana Mateta alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na OK Jazz, bendi ya Franco, mwaka 1963 akiwa mpuliza saksafoni. Alikuwa mpenzi wa muziki wa Wamarekani Weusi, ridhimu na bluzi pamoja na soul, na shujaa wake alikuwa King Curtis, mpuliza saksafoni wa Fort Worth, Texas. Inasimuliwa kwamba jina la jukwaani la kijana huyo, Verckys, lilitokana na jina la Curtis jinsi alivyolisikia.

King Curtis mwenyewe anafaa kufahamika kwa msomaji wetu. Saksafoni yake ndiyo inayochekacheka katika wimbo wa The Coasters wa mwaka 1958, Yakety Yak. Mwaka 1967 alitoa Memphis Soul Stew, na mapema mwaka 1971 bendi yake ilimsindikiza Aretha Franklin katika maonyesho ya Fillmore West mjini San Francisco. Alikuwa mpigaji wa kukodiwa, kiongozi wa bendi na mtayarishaji kwa wakati mmoja, mtu aliyejua studio kuanzia kiti cha mwanamuziki hadi kiti cha mwenye mali. Aliuawa New York mnamo Agosti 1971 akiwa na umri wa miaka 37.

Verckys aliichukua njia hiyohiyo. Aliondoka OK Jazz mwaka 1969 akaanzisha Orchestre Vévé, kisha kampuni yake ya santuri, Éditions Vévé. Huko aliwatayarishia muziki vijana wa Bella Bella, Lipua Lipua na Kiam, bendi zilizotikisa kumbi za Afrika Mashariki katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 James Brown alipofika Kinshasa kwa tamasha kubwa la muziki, Verckys alikuwa tayari na bendi, lebo na vijana wa kuwatayarishia. Alifariki Kinshasa mwaka 2022.

Santuri za bendi zake zilifika Kisumu kwa njia ileile iliyowaleta Wakongo wenyewe. Super Mazembe ilihamia Kenya mwaka 1974, Baba Gaston akafika mwaka uliofuata, na mwaka 1976 sehemu ya wanamuziki wake ikajitenga na kuunda Les Mangelepa, bendi iliyojulikana kwa safu yake ya tarumbeta na saksafoni. Nairobi ikawa kitovu cha rumba, na mitindo yake ikashuka hadi ziwani kwa redio, kwa santuri na kwa ziara za bendi.

Ochieng' Kabaselleh na tarumbeta za ziwa

Mwanamuziki wa ziwa aliyeliitikia wimbi hilo kwa moyo wote ni Ochieng' Kabaselleh. Jina lake peke yake linamrudisha msikilizaji kwa Joseph Kabasele, kiongozi wa African Jazz, bendi ambayo mnamo 1961 ilimpokea mpuliza saksafoni mwingine mkubwa, Manu Dibango wa Kamerun. Kabaselleh wa Nyanza aliongoza Lunna Kidi. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za Kijaluo, lakini alichanganya Kiswahili na hata Kiingereza, na chini ya sauti za benga aliweka ridhimu ya rumba na ala za kupuliza. Kibao chake Achi Maria ni kati ya vile ambavyo wapenzi wa muziki wa zamani wa Kenya wangali wanavitaja.

Msikilize Kabaselleh, kisha mara moja umsikilize Misiani. Kwa Misiani nafasi yote imejazwa na nyuzi: gitaa linamjibu mwimbaji, besi inalijibu gitaa. Kwa Kabaselleh nyuzi zinasogea kando kidogo, tarumbeta zinaingia kwa pamoja, zinasema neno lao fupi na kumwachia mwimbaji. Wimbo unapata nafasi ya kupumua. Hapo ndipo unapoisikia Kinshasa ikizungumza Kijaluo bila kigugumizi.

Maisha hayakumhurumia Kabaselleh. Katika miaka ya 1980 alifungwa jela kwa miaka kadhaa kwa tuhuma za uchochezi, kipindi ambacho serikali ilimtilia shaka kila mwenye sauti kutoka Nyanza. Misiani naye alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya mashairi yake. Kabaselleh alirudi studio katika miaka ya 1990, akazuru Marekani mwaka 1997, na kufariki mwaka 1998.

Kwa nini benga ilikaa na nyuzi

Basi mbona saksafoni haikuota mizizi ziwani kama ilivyoota Kinshasa? Sababu ya kwanza ni urithi. Rumba ya Kongo ilikua ikisikiliza santuri za Kuba, ambamo tarumbeta ni nguzo. Benga ilikua ikisikiliza nyatiti, na katika nyatiti hakuna nafasi ya pumzi. Kila tundu katika wimbo limekwisha kuzibwa na kidole.

Sababu ya pili ni gharama. Gitaa moja likivunjika uzi, uzi unanunuliwa dukani Kisumu. Saksafoni inahitaji matete, pedi na fundi anayeijua, na inahitaji mwalimu. Kinshasa ilikuwa mji mkuu wenye makampuni ya santuri tangu miaka ya 1940, kumbi kubwa na wateja waliotaka bendi ya watu kumi na tano. Bendi ya benga ilikuwa ya watu wanne au watano waliosafiri kwa matatu, wakapiga usiku kucha Kondele au Homa Bay, na asubuhi wakagawana kilichopatikana. Mgao ule usingemtosha mpuliza saksafoni pamoja na msaidizi wake.

Sababu ya tatu ndiyo inayoturudisha kwa Kanindo. Verckys alikuwa mwanamuziki aliyekuwa na studio yake, kwa hiyo ala aliyoipenda ilipata nafasi katika kila alichokitayarisha. Ziwani mwenye fedha na mwenye ala walikuwa watu wawili. Mtayarishaji wa benga alilinda kile kilichouzika, na kilichouzika ni magitaa matatu na ngoma. Ubahili huo, ukiutazama leo, uliifaa benga. Uliilazimisha besi kufanya kazi ya ala tatu na solo kufanya kazi ya safu nzima ya tarumbeta. Sauti hiyo iliyokondeana na kukaza ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote.

Kusini mwa Zambezi

Ilisafiri hasa kupitia lebo ya Sungura. Katika miaka ya 1970 santuri za Kanindo ziliuzwa hadi kusini mwa Afrika, na nchini Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo, zilipata masikio yaliyokuwa tayari. Wapigania uhuru waliokaa kambini Tanzania na Msumbiji nao walikuwa wameuzoea muziki wa Afrika Mashariki, na walirudi nao nyumbani nchi ilipopata uhuru Aprili 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ephraim Joe aliongoza bendi iliyojiita Sungura Boys, ambayo ilipitiwa na vijana waliokuja kuwa majina makubwa, akiwemo John Chibadura. Kutoka hapo mtindo ukachukua lugha ya Kishona, ukapokea mapigo mengine ya kusini, ukawa muziki wa Wazimbabwe wenyewe. Lakini besi inayozungumza na solo inayopanda mwishoni mwa wimbo bado zinaonyesha zilikozaliwa.

Ulaya nayo ilifika, ila kwa kuchelewa. Shirati Jazz walitoa Benga Beat kwa lebo ya World Circuit ya Uingereza mwaka 1987, na mwaka 1993 GlobeStyle ikakusanya rekodi za Victoria Kings katika albamu The Mighty Kings of Benga. Kufikia wakati huo Harare ilikuwa imeshazicheza nyimbo hizo kwa karibu miaka ishirini.

Miaka ya ukame

Kanindo mwenyewe aliingia siasani akawa mbunge kutoka Nyanza Kusini. Biashara aliyoiacha nyuma ilianza kuyumba kwa sababu ambazo mtu mmoja asingeweza kuzizuia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, mpaka ambao haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Bendi za ziwa zilipoteza nusu ya ufuo wao. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilibaki Tanzania. Santuri zilizokuwa zikivuka Sirari bila shida zikawa magendo.

Kisha ikaja kaseti. Kwa msikilizaji ilikuwa neema: rahisi, nyepesi, haivunjiki. Kwa mtayarishaji ilikuwa msiba, kwa sababu kila mwenye mashine mbili alikuwa na kiwanda chake nyuma ya kibanda. Uharamia ulikausha fedha zilizolipia studio. Chama cha kukusanya mirabaha ya wanamuziki, MCSK, kiliundwa mwaka 1983, lakini wanamuziki wengi wa kizazi cha santuri walizeeka bila kuona malipo yanayolingana na umaarufu wao.

Muziki wenyewe haukufa. Katika miaka ya 1990 Okatch Biggy na Super Heka Heka waliirudishia benga vijana wa Kisumu, hadi Biggy alipofariki mwaka 1997. Baada yake ohangla ilipanda jukwaani kwa kinanda cha umeme, Tony Nyadundo akiwa mmoja wa waliotangulia, na Kondele ikabaki mahali pa kukesha. Misiani aliendelea kupiga hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani eneo la Kisumu mnamo Mei 2006. Siku hizi kijana mwenye kompyuta chumbani hutunga, hurekodi na kusambaza mwenyewe. Bila kukusudia, ameunganisha tena kazi ambazo ziwani zilikuwa zimetengana.

Deni letu

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote ya kuokoa historia hii ni mtayarishaji pia. Tabu Osusa, kupitia Ketebul Music ya Nairobi, alitoa mwaka 2008 Retracing the Benga Rhythm, mradi uliounganisha kitabu, muziki na filamu, akiwahoji wazee wa benga waliokuwa bado hai. Baadhi yao wamefariki tangu wakati huo, na bila mradi ule masimulizi yao yangezikwa nao.

Kazi hiyo haipaswi kuachiwa mtu mmoja wala mji mmoja. Kisumu ina Makumbusho yake tangu mwaka 1980, na Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho karibu, kinafundisha muziki. Kati ya taasisi hizo mbili panaweza kuwekwa hifadhi ya santuri za ziwa: kila lebo, kila upande wa pili, na kando ya jina la mwimbaji liandikwe jina la mpiga besi, fundi wa studio na mtayarishaji. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kuikosa. Santuri zenyewe zipo, zimetupwa darini na masandukuni, na kila mwaka wa joto na unyevu wa ziwa huzikunja kidogo zaidi.

Basi kama kwenu kuna sanduku la mzee lenye santuri za Lolwe, Oyundi au Sungura, usiliuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na usilichome siku ya kusafisha nyumba. Andika majina yaliyo kwenye karatasi zake, muulize mzee alizinunua wapi na lini, umrekodi anapojibu, kisha uzipeleke zinakoweza kutunzwa. Zimbabwe imelitunza jina la Kanindo kwa karibu nusu karne. Sisi wa ziwa ndio tunaodaiwa.